Treni za mizigo zinazopita mashambani mwetu: Zinabeba nini, na tuzitazame vipi kwa usalama?

Mchana na usiku, treni za mizigo hupita katika Kaunti ya Makueni zikipanda kwenda Nairobi au zikishuka kwenda Mombasa. Hupita kando ya mashamba ya ndengu na mbaazi, nyuma ya miembe na michungwa, na karibu na malisho ya ng'ombe na mbuzi, kuanzia Mtito Andei, Kibwezi na Makindu hadi Emali na kwingineko. Kwa wakaazi wanaoishi karibu na reli, kuitazama treni ni jambo la kila siku. Watoto huhesabu makontena, wachungaji husubiri kivulini hadi ipite, na wako wakulima wanaoitumia kama saa ya kupumzika jembe.

Hata hivyo, maswali ni mengi. Ndani ya makontena hayo mna nini? Kwa nini treni nyingine husimama mahali pasipo na abiria hata mmoja? Kwa nini dereva anayemwona ng'ombe mbele yake hasimami? Na mkaazi akiwa na malalamiko kuhusu reli, aende kwa nani? Makala haya yanajibu maswali hayo, na yanaeleza jinsi ya kutazama treni bila kuhatarisha maisha yako, ya watoto wako na ya mifugo wako.

RELI MBILI, MWENDO TOFAUTI

Kaunti yetu inapitiwa na reli mbili zinazofuatana kwa karibu, pamoja na barabara kuu ya Mombasa. Ni muhimu kuzitofautisha, kwa sababu hata hatari zake si sawa.

Ya kwanza ni reli ya zamani. Ujenzi wake ulianza Mombasa mwaka 1896, ukafika Nairobi mwaka 1899 na kufika Ziwa Victoria, pale Kisumu ya leo, mwaka 1901. Upana kati ya vyuma vyake viwili ni mita moja kamili, ndiyo maana wengi huiita reli ya mita. Miji yetu kadhaa ilikua kutokana na reli hiyo. Sultan Hamud ilipewa jina la Sultani Hamoud bin Mohammed wa Zanzibar, aliyetawala kuanzia 1896 hadi 1902. Pale Kima, mwaka 1900, afisa wa polisi Charles Ryall aliuawa na simba akiwa ndani ya behewa. Makindu ilikuwa kituo cha kazi za reli, na hekalu la Kalasinga lililojengwa hapo mwaka 1926 bado huwapa wasafiri chakula bila malipo hadi leo.

Ya pili ni reli ya kisasa, ambayo wengi tunaiita SGR. Upana wake ni milimita 1,435, kipimo kinachotumika katika nchi nyingi duniani. Kutoka Mombasa hadi Nairobi ina urefu wa takriban kilomita 472. Treni ya abiria ya Madaraka Express ilizinduliwa tarehe 31 Mei 2017, na treni za mizigo zikaanza kazi rasmi Januari 2018. Mwaka 2019 reli hiyo iliongezwa kutoka Nairobi hadi Suswa, karibu na Naivasha, umbali wa kilomita 120 hivi. Ndani ya kaunti yetu, stesheni za abiria za reli hii ni Mtito Andei, Kibwezi na Emali.

Utaitambuaje kila moja? Reli ya kisasa imeinuliwa juu ya matuta marefu ya udongo au kupitishwa juu ya madaraja, na imezungushiwa ua wa waya. Barabara hupita juu yake au chini yake. Reli ya zamani hufuata umbo la ardhi, ina kona nyingi, na katika sehemu kadhaa hukatana na barabara usawa kwa usawa. Hivyo basi, kwenye reli ya zamani hatari kubwa iko pale gari, bodaboda au mkokoteni unapovuka. Kwenye reli ya kisasa, hatari kubwa ni mtu au mnyama kupenya uani na kupanda tuta.

Sikio pia hutofautisha. Vyuma vya reli ya zamani, katika sehemu nyingi, vimeungwa kipande kwa kipande, na kila gurudumu likipita kwenye kiungo hutoa ule mlio wa kugonga tuliouzoea. Vyuma vya reli ya kisasa vimechomelewa vikawa kama kipande kimoja kirefu. Kwa sababu hiyo, treni yake huja kimya kuliko watu wanavyodhani, hasa upepo ukivuma kuelekea upande inakotoka. Usiyategemee masikio peke yake.

INJINI: MTAMBO WA UMEME NDANI YA MTAMBO WA DIZELI

Treni zote mbili huvutwa na injini za dizeli, lakini dizeli haizungushi magurudumu moja kwa moja kama ilivyo kwenye lori. Ndani ya injini kuna mtambo mkubwa wa dizeli unaozungusha jenereta. Umeme wa jenereta hiyo ndio unaoendesha mota zilizofungwa kwenye magurudumu. Njia hii huiwezesha injini kuanza kuvuta mzigo mzito sana polepole, bila gia kama za gari.

Kwenye reli ya kisasa, ukiona maandishi DF8B ubavuni mwa injini, hiyo ni injini ya mizigo iliyotengenezwa China. Herufi DF ni kifupi cha Dongfeng, yaani upepo wa mashariki. Injini za abiria huandikwa DF11. Mara nyingine treni ndefu ya mizigo huvutwa na injini mbili zilizounganishwa.

Utagundua pia kwamba treni zinazokwenda Nairobi hunguruma zaidi kuliko zinazoshuka. Sababu ni mlima. Reli huanza karibu na usawa wa bahari Mombasa. Ikifika Mtito Andei imepanda zaidi ya mita 700, na ikifika Emali imepita mita 1,100. Kutoka hapo huendelea kupanda hadi Nairobi. Kwa hiyo treni iliyojaa inayokwenda juu hufanya kazi ngumu, na ile inayoshuka hujizuia kwa breki ili isikimbie kupita kiasi.

JINSI YA KUSOMA KONTENA

Makontena yanayopita mbele ya shamba lako yana lugha yake, na lugha hiyo ni rahisi kujifunza.

Kwanza, urefu. Yapo ya futi 20, sawa na mita 6 hivi, na yapo ya futi 40, sawa na mita 12 hivi. Behewa moja bapa la reli ya kisasa hubeba kontena moja refu au mawili mafupi. Baadhi ya mabehewa hubebeshwa makontena kwa ghorofa, moja juu ya jingine.

Pili, namba. Kila kontena limeandikwa herufi nne, kisha tarakimu sita, kisha tarakimu moja ya mwisho iliyozungushiwa kisanduku. Herufi tatu za kwanza humtaja mwenye kontena, na ya nne, ambayo kwa kawaida ni U, huonyesha kuwa hilo ni kontena la mizigo. Kwa mfano, MSKU ni la kampuni ya Maersk, na MSCU ni la kampuni ya MSC. Tarakimu ya kisandukuni hutokana na hesabu inayofanywa kwa herufi na namba zilizotangulia. Kompyuta ya bandarini huitumia kugundua kama karani amekosea kuandika. Hakuna makontena mawili duniani yenye namba moja.

Tatu, aina. Chini ya namba hiyo kuna alama fupi kama 22G1 au 45G1. Tarakimu ya kwanza ikiwa 2, kontena ni la futi 20, na ikiwa 4 ni la futi 40. Herufi G huonyesha kontena la kawaida, R ni lenye jokofu, T ni tangi, na U ni lililo wazi juu. Kontena lenye jokofu hutambulika hata kwa mbali, kwani kwa kawaida huwa jeupe na lina mashine yenye feni upande mmoja. Hilo linamhusu mkulima wa maembe na mbogamboga, maana mazao mabichi yanayosafiri mbali kwa meli huhitaji kontena la aina hiyo.

Mbali na makontena, kuna mabehewa ya aina nyingine. Yenye kuta ndefu na yaliyo wazi juu hubeba mizigo isiyoharibiwa na mvua. Yaliyofunikwa hubeba nafaka, mbolea na bidhaa nyingine zinazohitaji kukingwa. Kwenye reli ya zamani, kwa miaka mingi kumekuwa na treni za magadi kutoka Ziwa Magadi, ambazo huingia kwenye njia kuu pale Konza kabla ya kuteremka kwenda bandarini.

ZINAPANDA ZIMEJAA, ZINASHUKA NA NINI?

Kenya hununua bidhaa nyingi kutoka nje kuliko inazouza. Ngano, mbolea, vyuma, vipuri, nguo, mashine na vifaa vya nyumbani huingia kupitia bandari ya Mombasa. Sehemu ya mizigo hiyo huenda kwenye bohari ya makontena ya Embakasi, Nairobi. Nyingine huendelea hadi Naivasha, ambako hupokelewa mizigo ya nchi jirani kama Uganda, Rwanda, Sudan Kusini na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo.

Kinachorudi Mombasa ni kidogo. Chai, kahawa, magadi, mboga na matunda hushuka, lakini hayatoshi kujaza makontena yote yaliyopanda. Hivyo, makontena mengi hurudi matupu ili yapakiwe tena ng'ambo. Ukisimama kando ya reli kwa muda, utayajua. Behewa lenye kontena tupu hurukaruka kidogo na kutoa mlio wa debe, ilhali lililojaa hupita limetulia na kuifanya ardhi itikisike.

Wakaazi wengi huuliza: kama makontena yanarudi matupu, kwa nini yasijazwe maembe yetu? Jibu lina sehemu tatu. Kwanza, makontena mengi matupu ni ya kawaida, hayana jokofu. Pili, treni ya mizigo haisimami kila mahali kupakia. Inahitaji stesheni yenye nafasi, mitambo ya kuinua makontena, na mzigo wa kutosha uliokusanywa mahali pamoja kwa wakati mmoja. Tatu, mzigo wa kwenda nje ni lazima uwe umekaguliwa na kupata vyeti kabla ya kufika melini. Mkulima mmoja hawezi kutimiza hayo peke yake, lakini chama cha ushirika kinaweza kuanza mazungumzo hayo, kwa sababu kinaweza kuahidi kiasi na wakati. Hata pale mazao yanaposafiri kwa lori, wanunuzi wakubwa huuliza maswali hayohayo: mnazo tani ngapi, lini, na za ubora gani?

KWA NINI TRENI HUSIMAMA PORINI?

Reli ya kisasa kati ya Mombasa na Nairobi ina njia moja tu kwa sehemu kubwa. Treni mbili zinazokuja zikielekeana haziwezi kupishana popote. Kwa hiyo, kila baada ya umbali fulani kuna stesheni ndogo yenye njia ya pembeni. Treni moja huingizwa pembeni na kusubiri, na nyingine hupita. Mara nyingi treni ya mizigo ndiyo inayosubiri ili ile ya abiria isichelewe.

Kutokana na hilo, kumbuka jambo hili muhimu: treni ya mizigo iliyosimama ni ishara kwamba huenda treni nyingine inakuja. Kila mwaka unapowadia msimu wa kazi nyingi shambani, watu huwa na haraka, na kishawishi cha kupita chini ya mabehewa yaliyosimama huwa kikubwa. Usifanye hivyo kamwe. Treni inayosubiri huondoka bila kumwambia aliye chini yake. Mwendo huanzia kwenye injini, behewa la kwanza hulivuta la pili, la pili hulivuta la tatu, na mtikiso huo hufika nyuma kwa ghafla. Hata ukifanikiwa kutokea upande wa pili, unaweza kujikuta mbele ya treni nyingine ambayo mabehewa yalikuzuia kuiona.

KWA NINI DEREVA HAWEZI KUSIMAMA GHAFLA?

Treni ya kwanza ya mizigo ya reli ya kisasa ilibeba makontena 104. Yakiwa yamejaa, uzito wa treni kama hiyo ni maelfu ya tani. Kasi iliyokusudiwa kwa treni za mizigo kwenye reli hiyo ni kilomita 80 kwa saa. Kwa kasi hiyo, treni husafiri mita 22 kila sekunde.

Gari husimama kwa sababu mpira wa gurudumu huishika lami. Treni ina gurudumu la chuma juu ya chuma, na vyuma hivyo viwili hushikana kidogo tu. Ndiyo maana injini inaweza kuvuta mzigo mkubwa kwa mafuta machache. Lakini faida hiyo hugeuka kuwa hatari wakati wa kusimama. Treni nzito iliyo katika kasi inaweza kuhitaji kilomita moja au zaidi hadi isimame, hata dereva akifunga breki zote. Aidha, haiwezi kukwepa kushoto wala kulia. Dereva akimwona mtu au ng'ombe umbali wa mita 300, anachoweza kufanya ni kupiga honi na kufunga breki huku akijua kwamba hatasimama kwa wakati.

Macho nayo hutudanganya. Kitu kikubwa kikiwa mbali huonekana kama kinakwenda polepole. Ndege inayotua huonekana hivyo, na treni vilevile. Mtoto akiiona treni umbali wa mita 200, hufikiri ana muda wa kutosha kuvuka. Kwa kasi ya kilomita 80 kwa saa, ana sekunde tisa tu. Katika sekunde hizo anapaswa kupanda tuta, kukanyaga kokoto zinazoteleza, kuruka vyuma na kushuka upande wa pili. Kiatu kikikwama kwenye kokoto, sekunde hizo zimekwisha.

Walimu wanaweza kulifanya hili somo la hesabu. Wanafunzi wakiwa mahali salama, mbali na ua, waanze saa behewa la kwanza linapopita mbele ya mti au nguzo fulani, na waisimamishe baada ya mabehewa 20. Behewa bapa la makontena lina urefu wa takriban mita 13, kwa hiyo mabehewa 20 ni mita 260 hivi. Yakipita kwa sekunde 12, gawanya 260 kwa 12, upate karibu mita 22 kwa sekunde. Zidisha kwa 3.6 upate kasi kwa saa, ambayo ni karibu kilomita 78. Mtoto aliyeipima kasi hiyo mwenyewe ataiheshimu reli kuliko yule aliyeambiwa tu kwamba ni hatari.

MAHALI SALAMA PA KUTAZAMA

Kutazama treni si kosa. Kosa ni kuingia kwenye reli bila ruhusa, jambo ambalo limekatazwa na Sheria ya Shirika la Reli la Kenya, Sura ya 397. Tafadhali zingatia yafuatayo:

1. Baki nje ya ua wa waya wakati wote. Pasipo na ua, kama ilivyo katika sehemu nyingi za reli ya zamani, simama mbali kiasi kwamba upepo wa treni na kamba au turubai lililolegea haviwezi kukufikia.

2. Chagua mahali palipoinuka ndani ya shamba lako au kando ya barabara ya kijiji. Utaona treni nzima vizuri kuliko aliyesimama chini ya tuta.

3. Usisimame kwenye daraja la reli wala usitembee juu yake. Hakuna mahali pa kukimbilia.

4. Usiweke jiwe, sarafu au kipande cha chuma kwenye reli, na usiirushie treni mawe. Jiwe dogo linaweza kumjeruhi dereva au abiria.

5. Usivae visikizi masikioni wala kuzungumza kwa simu ukiwa karibu na reli.

6. Usipige picha ndani ya stesheni bila kuwaomba ruhusa maafisa walioko. Stesheni na madaraja hulindwa.

7. Kwenye makutano ya barabara na reli ya zamani, simama, tazama pande zote mbili, sikiliza, kisha uvuke bila kusitasita. Mhudumu wa bodaboda aliyebeba abiria au magunia awe mwangalifu zaidi, maana pikipiki ikizimika katikati ya reli, jambo la kwanza ni kuwashusha watu na kuiacha.

Njia nyingine salama ya kuona treni za mizigo ni kuwa abiria. Treni ya abiria inayosimama katika stesheni za kaunti mbalimbali husimama pia Mtito Andei, Kibwezi na Emali. Ukiketi dirishani, utaziona treni za mizigo zikisubiri kwenye njia za pembeni, na utauona upande wa pili wa mashamba yetu.

MIFUGO, VIVUKO NA MVUA

Reli ya kisasa iligawa malisho na vijia vya zamani, na ndiyo sababu kukawekwa njia za kupita chini ya reli kwa watu, magari, mifugo na wanyamapori. Njia hizo haziko kila mahali, na baadhi ya wakaazi hulazimika kuzunguka. Tunalielewa jambo hilo. Pamoja na hayo, mwendo wa nusu saa ni nafuu kuliko kumpoteza ng'ombe mmoja, sembuse mchungaji.

Mfugaji anashauriwa kuwavusha mifugo mchana, mtu mmoja akitangulia na mwingine akifuata nyuma. Mbuzi hupenda kupanda tuta kufuata majani mabichi, na mtoto anayechunga huwafuata bila kufikiri. Mzazi, mwambie mtoto wako waziwazi: mbuzi akiingia ndani ya ua wa reli, mwache, uje uniite. Hakuna atakayemgombeza kwa mbuzi aliyekufa kama yeye mwenyewe amerudi salama.

Karibu na Mtito Andei na mipaka ya mbuga za Tsavo, ndovu nao hutumia njia hizo. Epuka kupita huko machweo na alfajiri.

Wakati wa mvua, hasa ile ya Oktoba hadi Desemba ambayo wakulima wetu huitegemea zaidi, maji hukusanyika kwenye njia zilizo chini ya reli na kwenye kalvati. Usivuke maji usiyoyajua kina chake. Ukiona udongo wa tuta umemomonyoka, kokoto zimesombwa, ua umekatwa au chuma kimelegea, usiguse wala usijaribu kurekebisha. Toa taarifa mara moja kwa stesheni iliyo karibu, kwa chifu au kwa polisi. Wizi wa vyuma vya reli ili viuzwe kama vyuma vikuukuu si wizi wa mali ya serikali tu. Ni kuhatarisha maisha ya kila aliye ndani ya treni na ya kila anayeishi kando ya reli.

TRENI IKIPATA AJALI

Treni ya mizigo ikianguka, kaa mbali. Usikimbilie kuokota kilichomwagika. Baadhi ya makontena na matangi hubeba kemikali au mafuta, na huwa na bango lenye umbo la almasi. Bango jekundu lenye alama ya mwali huonyesha kitu kinachoshika moto haraka, na lenye fuvu huonyesha sumu. Taifa letu halijasahau tarehe 31 Januari 2009 pale Sachangwan, ambapo zaidi ya watu 100 walifariki moto ulipolipuka kwenye lori la mafuta lililokuwa limeanguka. Wengi wao walikuwa wameenda kuchota mafuta. Mbolea ya bure au mafuta ya bure hayana thamani ya maisha.

Piga simu 999 au 112, eleza mahali ulipo kwa kutaja kijiji na stesheni iliyo karibu, kisha waondoe watu upande upepo unakotoka, ili moshi au mvuke usiwafuate.

RELI NA BIASHARA ZA MIJI YETU

Lori moja hubeba kontena moja refu au mawili mafupi. Treni yenye makontena 104 ina maana ya malori 50 hadi 100 ambayo hayakupita barabarani. Kwa upande mmoja, hilo hupunguza msongamano na ajali kwenye barabara kuu. Kwa upande mwingine, mama anayeuza chakula Mtito Andei, fundi wa magurudumu Emali na mwenye nyumba ya kulala wageni Kibwezi huwategemea madereva wa malori.

Mwaka 2019 mizigo mingi ilielekezwa kusafirishwa kwa reli kabla ya kukaguliwa, na wafanyabiashara wa Mombasa na wa miji ya kando ya barabara wakalalamika. Septemba 2022, serikali ya kitaifa ilitangaza kwamba ukaguzi wa mizigo unarudishwa Mombasa. Mabadiliko kama hayo yanaweza kutokea tena. Ni busara basi kwa mfanyabiashara wa mji wa barabarani kutotegemea mteja wa aina moja. Soko la mifugo la Emali, kwa mfano, haliletwi na lori wala treni ya makontena. Linaletwa na mifugo na mazao ya eneo lenyewe.

NANI ANAHUSIKA NA NINI?

Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, inaiweka reli chini ya serikali ya kitaifa. Kwa hivyo masuala ya ratiba, nauli, ua, matuta na vivuko vya reli yako mikononi mwa Shirika la Reli la Kenya na wizara inayohusika na uchukuzi. Serikali ya kaunti inahusika na kilimo, mifugo, masoko na barabara za kaunti, zikiwemo zile zinazofika kwenye njia za chini ya reli.

Ukiwa na malalamiko, andika barua fupi yenye mambo manne: mahali hasa, tarehe na saa, kilichotokea, na unachoomba kifanywe. Ambatisha picha uliyopiga kutoka mahali salama. Peleka nakala kwa stesheni iliyo karibu, kwa chifu, na kwa msimamizi wa wadi ili suala lijulikane pande zote. Weka nakala yako.

Aidha, Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 inampa kila raia haki ya kuomba habari zilizoko katika taasisi ya umma. Taasisi inapaswa kujibu ndani ya siku 21, na ikiwa habari hiyo inahusu uhai au uhuru wa mtu, ndani ya saa 48. Usipojibiwa, unaweza kulifikisha suala lako kwa Tume ya Haki za Kiutawala. Wakaazi wanaohitaji kivuko wanaweza kuitumia sheria hii kuuliza ni wapi vivuko vilipangwa na ni kwa sababu gani.

Treni zitaendelea kupita, msimu wa ndengu na msimu wa maembe. Wazazi, walimu na wazee wa vijiji wanaombwa kuwasomea watoto kanuni saba zilizo hapo juu kabla ya shule kufungwa kwa likizo ya Desemba, kwa maana ndio wakati watoto wengi huwa malishoni. Mwonyeshe mtoto wako, kwa kidole, njia ya chini ya reli iliyo karibu na boma lenu, na muivuke pamoja angalau mara moja ili aijue.